Mbinu ya Kutoka Dukani

Juzi, mgahawani Dengfeng, mtaa wa Guangzhou, China, wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, mume na mke kutoka Mwanza walikaa meza ya jirani wakiongea kwa video na mshauri wao wa ndoa aliye nyumbani. Simu waliiegemeza kwenye chupa ya pilipili. Mume alitikisa mguu hadi chai yangu ikacheza.

"Mwambie aache kuninunia," akamwambia mshauri.

"Mwambie mwenyewe, yuko hapo ubavuni kwako."

Mume akainuka, akatoka nje. Sisi tunaokuja Guangzhou kununua bidhaa tunaijua mbinu hiyo: bei ikikataa kushuka, unaondoka polepole ili mwenye duka akuite. Akasimama kwenye kibanda cha makava ya simu, anayageuzageuza, sikio liko mlangoni. Tabu ni kwamba mkewe naye ni mfanyabiashara.

"Ameondoka?" mshauri akauliza.

"Anasubiri nimwite." Mke alikuwa anachanachana karatasi ya kufutia mikono. "Kila tukigombana namwita mimi."

"Na wewe unataka nini?"

"Arudi mwenyewe, bila kuitwa."

"Umeshamwambia hivyo?"

Mke akaiweka chini karatasi iliyobaki. Halafu akatoka, simu akaiacha pale pale. Dirishani nilimwona akisimama kando ya mumewe, naye akachukua kava, akaligeuza.

"Haloo? Wanaongea?" simu ikauliza.

Mezani kwao hapakuwa na mtu, na mimi nilishasikia mengi mno, nisingeweza kujifanya sipo.

"Bado, mama," nikajibu. "Ila hakuna anayeondoka."