Evaristi Mhasi na Dawa ya Mabegani

Kijiji kizima cha Murungu kilimjua Evaristi kwa kazi moja: kuhasi. Ukiwa na dume linalovunja ua wa jirani na kukugombanisha na watu, unamwita Evaristi. Anakuja na baiskeli, koleo lake refu la kuhasia limefungwa nyuma kwenye keria, na kabla chai uliyomkaribisha haijapoa, dume limeshakuwa maksai. Aliwahi kuhasi mbuzi kumi na wanne asubuhi moja kisha akaenda misani na shati lile lile. Wanaume walikuwa na tabia ya kubana mapaja kidogo akipita na lile koleo, na jambo hilo, nisiseme uongo, lilimfurahisha mno.

Sasa mfikirie mtu wa kazi hiyo, mwaka 2014, umri wake miaka arobaini na tisa, anagundua kwamba nguvu zake mwenyewe zimemtoroka. Hazikuondoka siku moja. Ulianza uchovu wa kusinzia mchana kweupe, halafu misuli ikalegea, kitambi kikachomoza, hasira za bure zikamjaa, na mwisho hamu yake kwa mkewe ikaondoka kama mgeni asiyeaga. Mwaka ukapita hivyo, wa pili ukaanza. Mkewe, Immakulata, hakusema neno. Alikuwa binti wa Munanila aliyelelewa akaleleka, na mambo ya chumbani hakuyaleta sebuleni.

Evaristi naye angekubali kumeza lile koleo kuliko kumwambia mtu. Alijua watakachosema, tena alijua atakayeanza. Watasema madume yamelipiza. Miaka ishirini anawazimia wenzake taa, leo ya kwake imezimwa. Akajua kijiji kitacheka mpaka siku ya maziko yake, na padri atalazimika kungoja watu wanyamaze.

Basi akaenda Kasulu, ambako hakuna aliyemjua. Huko kulikuwa na zahanati ya mtu binafsi, na ndani yake daktari mwanamke aitwaye Zuleha, mtu wa Tanga, mwenye sauti ya upole na maswali yasiyo na upole hata kidogo. Evaristi aliyajibu yote huku anaitazama picha ya ukutani ya mama anayenyonyesha. Daktari alimtoa damu asubuhi mapema, akamrudisha baada ya wiki kadhaa akamtoa tena, zote zikapelekwa Mwanza kupimwa. Ndiyo maana Evaristi alilazimika kulala gesti Kasulu kila safari, maana kipimo kilitaka damu ya kabla ya saa nne, na basi la kutoka kwao Kibondo halina haraka na mtu.

"Homoni yako ya kiume iko chini sana, baba," daktari akamwambia majibu yalipokuja. "Si laana, na wala si uzee. Ni ugonjwa, na tiba ipo. Mnatafuta mtoto mwingine?"

"Hapana, daktari. Tunaye mmoja, Jeanne, ameshaolewa. Tumefunga duka."

"Vizuri, maana dawa hizi hupunguza mbegu. Siku hizi njia zimeongezeka. Zamani ilikuwa sindano ya kila wiki mbili tatu. Sasa ipo sindano ya miezi mitatu, na ipo dawa ya kupaka mabegani kila asubuhi."

Kabla neno sindano halijatua, Evaristi alishaonyesha kidole kwenye dawa ya kupaka. Mtu huyu amechoma sindano ng'ombe wa kata nzima, lakini yake mwenyewe akiiona tu, macho yanaingia giza.

Daktari akampa masharti. Apake, aache ikauke, avae shati. Mkewe asiguse penye dawa, kwa sababu homoni ya kiume ikimwingia mwanamke yaweza kumwotesha ndevu na kumpa sauti nzito. Akitaka kuwa naye karibu, aoge kwanza, basi. Arudi kila mwezi apimwe.

Hilo la kuoga Evaristi hakulisikia. Bado alikuwa kwenye ndevu.

Hapo lazima nieleze salamu za watu hawa, la sivyo hutaelewa kilichomkuta. Familia ya Evaristi ilitoka Burundi zamani, wakapewa uraia, wakalima, wakazaa, lakini salamu yao hawakuiacha mpakani. Si mkono wa kugusana na kupita. Mnashikana mabega kwa mikono miwili, mnasogeza vifua, mnaulizana amahoro, yaani amani, na nyumbani, na watoto, na ng'ombe, na bado hamjaachiana. Immakulata alimsalimia mumewe hivyo mlangoni kila jioni kwa miaka ishirini na sita. Hata katika ule ukame wa chumbani hakuacha. Ukitaka kujua kilichokuwa kimeishikilia ndoa ile, ni salamu hiyo.

Evaristi akarudi na dawa yake, na jioni ya kwanza mkewe akanyoosha mikono mlangoni. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nina mafua," akasema.

Mafua yale yalichukua miezi mitatu. Alinunua koti zito la mtumba, akalivaa juani na usiku akalala nalo. Akiona mtu anakuja na mabega yake, anajifanya anafunga kamba za viatu. Jumapili baada ya misa alikimbia mlango wa pembeni kabla watu hawajaanza kusalimiana. Wakasema amepata majivuno. Wengine wakasema upele. Na kila asubuhi, kabla hajanywa uji, aliinama akakichunguza kidevu cha mkewe kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta nini kidevuni kwangu, Baba Jeanne?"

"Hakuna. Nakutazama tu."

"Miaka ishirini na sita hujakitazama, leo kimekuwa televisheni?"

Sasa, kilichomtesa zaidi ni kwamba dawa ilifanya kazi. Mwezi wa pili usingizi wa mchana ukaisha. Mwezi wa tatu akaanza kupiga mbinja kwenye baiskeli. Akimwona Immakulata ameinama anachambua maharage, moyo unamdunda kama kijana aliyetoka jando. Halafu anakumbuka ndevu, anafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, anatoka kwenda kupasua kuni. Hawakuwahi kuwa na kuni nyingi namna ile.

Immakulata alijumlisha mambo mwenyewe. Mume anasafiri Kasulu kila mwezi, analala gesti. Amerudi mchangamfu, anapiga mbinja. Ana kichupa chenye maandishi ya kigeni amekificha nyuma ya debe la mahindi. Mkewe akimgusa anaruka, na kila asubuhi anamkagua uso. Mwanamke yeyote angefika alikofika yeye. Akampigia simu kaka yake Ildefonsi aje na pikipiki kutoka Munanila, na akamwomba mzee Dionis, mwenyekiti wa jumuiya, aitishe kikao.

Wakakaa Jumapili mchana uani kwa Evaristi, wazee watano, pombe ya ndizi katikati. Immakulata alisema yake kwa kifupi, bila kulia. Begi lake lilikuwa tayari miguuni kwa Ildefonsi.

"Evaristi," mzee Dionis akauliza, "una mwanamke Kasulu?"

Evaristi akatazama nyuso zile. Kusema kweli ilikuwa ni kuwapa wazee hawa kicheko cha kula mpaka Krismasi. Kusema uongo, je? Atalipishwa mbuzi, ataombwa atubu, yataisha. Hata madume yangemheshimu. Akapiga moyo konde.

"Ninaye," akasema.

Wazee wakaguna. Lakini lilikuwa guno la namna yake, na mmoja akajiweka sawa kwenye kigoda apate kumtazama vizuri.

"Anaitwa nani?"

Kichwani hakukuwa na jina jingine. "Zuleha."

"Anafanya kazi gani?"

"Daktari."

Mzee Dionis mwenyewe akalitua bakuli lake chini. "Daktari," akarudia, "daktari kabisa," na Evaristi, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Kwa muda wa kumeza funda moja la pombe, alikuwa dume la Murungu.

Halafu akamtazama mkewe. Immakulata hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa kama mtu aliyekuwa bado anatumaini, sasa kaambiwa tumaini limekwisha. Akasimama, akatikisa vumbi kwenye kitenge, akaenda kwenye pikipiki. Ildefonsi akapiga kiki.

"Zima," Evaristi akasema.

"Shemeji, mambo yamekwisha."

"Nimesema zima, Ildefonsi." Akavua koti, akalitupa chini. Akavua na shati, mbele ya wazee, kitambi na vyote. "Sina mwanamke. Zuleha ni daktari wangu. Nimeishiwa homoni za kiume, Mama Jeanne. Napaka dawa hapa mabegani. Ukiigusa utaota ndevu. Ndiyo maana nilikuwa nakikagua kidevu."

Mzee Dionis alijitahidi. Alijikaza kwelikweli, alikaza hata vidole vya miguu. Kisha likamtoka, "Madume yamelipiza," na wazee wote watano wakaangukiana. Mmoja alimwaga pombe. Ildefonsi aliinamia usukani wa pikipiki, mabega yanatikisika. Ilikuwa vilevile alivyoiogopa miaka miwili yote, neno kwa neno, na Evaristi akasimama pale kifua wazi akaipokea.

Immakulata peke yake hakucheka.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili," akasema polepole, "nakunywa mizizi ya yule mama muuza mitishamba wa mnadani. Michungu, Evaristi. Kila asubuhi. Nikidhani mimi ndiye niliyekwisha." Ndipo machozi yakamtoka, na Evaristi akaona aibu ya kweli, ambayo haikuhusiana kabisa na ile aliyoikimbia. Akataka kumshika, akakumbuka mabega yake, akabaki amenyoosha mikono hewani.

Juma lililofuata walikwenda Kasulu wawili. Immakulata akaingia kwa daktari, akakaa, akaweka pochi magotini.

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu," akasema.

Daktari Zuleha aliposimuliwa habari yote alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia Evaristi. "Baba, si nilikwambia uoge tu? Maji na sabuni. Unapaka asubuhi, jioni unaoga, unamkumbatia mama."

Immakulata akamgeukia mumewe taratibu. "Sabuni," akasema. "Miezi mitatu tumekosana kwa kukosa sabuni."

"Anaweza kuendelea nayo," daktari akasema, "au ahamie ile sindano ya miezi mitatu. Hiyo haina cha kuogopa kuguswa, asubuhi wala jioni."

Evaristi akaitazama picha ya mama anayenyonyesha. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Sindano," akasema.

Alilazwa kifudifudi, akachomwa takoni, taratibu, maana dawa yenyewe nzito. Immakulata alimshika mkono na kumhesabia ng'ombe aliowachoma yeye, mmoja mmoja, kwa majina yao, ili ajue nao walivumilia. Wakaambiwa wasubiri nusu saa kwenye benchi la nje, daktari aone kama dawa imepokelewa vizuri.

Nusu saa ikaisha. Immakulata akainuka, akasimama mbele yake katikati ya wagonjwa na watoto wao, akamwekea mikono miwili mabegani. Alifanya kama ndiyo kwanza wameonana. Akamuuliza amahoro, na nyumbani, na Jeanne, na ng'ombe.

Evaristi akajibu zote. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.