Firigisi kwa Sentensi ya Kweli

Enzi zetu pale Nsambya, kwenye nyumba za polisi, Jumapili haikuanza kanisani. Ilianza saa saba mchana, Baba alipofungua daftari lake la jalada jekundu, akafumba macho na kushusha kidole kwenye ukurasa. Neno lililoguswa na kidole ndilo lililotawala meza siku ile.

Baba alikuwa sajini. Zamani, kabla sijazaliwa, alipelekwa mafunzoni Tanzania, na wenzake waliporudi na redio na vitenge vya wake zao, yeye alirudi na daftari la maneno. Kampala wakati ule ukiongea Kiswahili shuleni ulichekwa. Watoto wa mtaa wa pili walituambia ni lugha ya askari na wezi. Baba aliposikia hivyo alijibu kwamba basi sisi tutakuwa wezi wenye msamiati.

Kanuni ilikuwa hivi. Baba anasoma neno na maana yake. Kila mtoto anatunga sentensi. Sentensi lazima iwe ya kweli, kitu kilichotokea mbele ya macho yako, kwa sababu, Baba alisema, "mfano wa uongo ni ushahidi wa uongo." Anayeshinda anapewa firigisi. Nyie mliokulia Kampala mnajua uzito wa jambo hilo. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Majirani walipomsikia sajini mzima anampa msichana firigisi walitikisa vichwa, wakasema mafunzo ya Tanzania yamemharibu.

Ilituchukua muda mimi na kaka yangu Adriko kugundua kwamba Baba alikuwa anatuhoji kipolisi. Lilipokuja neno *dokoa*, yaani kula chakula kidogo kidogo kwa kuiba kabla hakijapakuliwa, nilisimama nikasema kwa sauti ya shahidi: "Jana Adriko alidokoa nyama tatu sufuriani, akasingizia paka." Nilishinda. Wiki iliyofuata lilikuja *msobemsobe*, kupelekwa mahali kwa nguvu huku hutaki, naye Adriko akalipa kisasi: "Ijumaa Mama alimpeleka Kandiru kuoga msobemsobe." Kandiru ni mimi. Likaja *cheua*, kutoa hewa ya shibe kinywani kwa sauti, nikasema katekista alicheua katikati ya sala nasi tukajibu amina. Baba alikuwepo, akakubali ushahidi. Na *mtondogoo*, siku ya nne kutoka leo, baada ya kesho, keshokutwa na mtondo, nikatunga hivi: "Mama amesema atanisuka nywele kesho, lakini kwa ninavyomjua ni mtondogoo." Mama akanitazama. Nilisukwa siku hiyohiyo, tena kwa kuvutwa.

Sasa, Jumapili zetu zilikuwa na mtu wa tano. Koplo Opolot, sisi tulimwita Anko, alikuwa akipiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi na aliishi mwenyewe kwenye kibanda cha mabati cha duara, hatua arobaini kutoka kwetu. Mkewe alikuwa kwao Teso akilima. Saa saba kamili, mvuke wa posho, yaani ugali, ukiwa bado unapanda, kivuli chake kilijaa mlangoni. Leo amekuja kuuliza saa. Jumapili ijayo kuazima koleo. Siku moja alikuja kutuambia kwamba mvua haitanyesha.

"Karibu chakula, shemeji," Mama alisema.

"Hapana, shemeji, mimi nimeshakula," Anko alijibu, huku mkono mmoja ukivuta kigoda na wa pili ukielekea kwenye maji ya kunawa.

Baba hakuwa na rafiki mwingine. Kazini alikuwa mkali, na mtu anayesahihisha Kiswahili cha wakubwa wake hapati marafiki wengi. Ila Anko akikaa, Baba alicheka hadi machozi. Anko alipiga midundo ya bendi kwa kijiko mezani, Baba akitembeza vidole kama gwaride, na Mama akilalamika juu ya meza yake.

Basi Jumapili moja kidole cha Baba kikashuka. Alifumbua macho, akaanza kusoma kabla hajafikiri. "*Doea*. Kwenda nyumbani kwa watu wakati wa chakula ukitumaini kukaribishwa."

Wakati ule Anko alikuwa ananawa.

Mama alikohoa. Baba alilitazama daftari kana kwamba lingeweza kubadilisha neno lenyewe. Adriko, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa busara, alijaribu kuokoa jahazi: "Paka wa jirani hudoea kwetu." Ingetosha. Baba alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, kijiko kikielekea kwenye firigisi.

Lakini nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa sijashinda kwa miezi mitatu. Nikasema, "Anko Opolot hudoea kwetu kila Jumapili saa saba, halafu anasema ameshakula."

Anko alicheka, kicheko kifupi ambacho hakikuwa chake. "Mutoto amesema kweli," akasema. Akafuta mikono kwenye suruali, akakumbuka kwamba hajapiga pasi sare ya bendi, akatoka. Paja la kuku alilowekewa likabaki kwenye sahani.

Baba aliweka firigisi mbele yangu. "Sentensi ni sahihi," alisema kwa sauti aliyotumia kuwasomea watu mashtaka. Niliitafuna firigisi ile kama tairi la baiskeli.

"Umeshiba sasa?" Mama aliniuliza. "Huyo mutu atakula nini leo?"

Jumapili iliyofuata kigoda kilikaa kitupu. Iliyofuata pia. Baba alisoma maneno kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya stoo, akagawa firigisi bila kuangalia anampa nani. Nilimwona mara mbili akitembea hadi karibu na kibanda cha Anko, akasimama, akageuka. Angeomba radhi ya nini? Sentensi ilikuwa ya kweli na kanuni ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimemnyang'anya baba yangu rafiki wake wa pekee, kwa sababu ya kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba. Niliona aibu ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yanapata moto.

Jumapili ya tatu, kabla Baba hajafungua daftari, nilimshika Adriko mkono tukaenda kwa Anko. Tulimkuta amechuchumaa mbele ya sigiri, anapuliza makaa, sufuria ya wali juu yake.

"Nyinyi watoto, munataka nini hapa?"

"Tumekuja kuuliza saa, Anko."

"Saa saba. Baba yenu hana saa?"

"Anayo," nikasema.

Alifunua sufuria. "Munakula?"

"Hapana, Anko, sisi tumeshakula," nikajibu, na Adriko, Mungu ambariki, akavuta kigoda.

Kwanza Anko hakuelewa. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akaishikilia ile ngoma kubwa iliyokuwa kitandani kwake asianguke, nayo ikanguruma. Alitupakulia. Wali wenyewe juu ulikuwa *mashendea*, maji matupu, na chini ulikuwa *matandu*, umeungua ukashikana na sufuria, na mpaka leo sijui mtu anawezaje kuvipata vyote viwili katika sufuria moja. Tulikula watatu sahani moja, hatukubakiza punje.

"Leo Afande amesoma neno gani?" aliuliza, akijifanya hajali.

"Hajasoma. Chakula kinapoa."

Alivaa shati. Tulimshika mkono huku na huku, tukampeleka kwetu msobemsobe.

Baba alikuwa amekaa na daftari lililofungwa. Alimtazama Anko mlangoni, akatutazama sisi, mimi hasa, nikiwa na wali kidevuni. "Umechelewa, Koplo," akasema.

"Nimeshakula, Afande," Anko akajibu, akavuta kigoda. Na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Hata hivyo alikula, akaongezwa, na firigisi siku hiyo Baba aliikata vipande viwili, mimi na Adriko.

Baba na Anko wote wawili wametutoka sasa. Mimi naishi Naalya, pembeni mwa Kampala, nina geti jeusi lenye kengele, na rafiki zangu wakitaka kuja wanapiga simu siku tatu kabla, kisha wanapiga tena kusema kuna foleni. Chakula kikipungua kinaletwa na bodaboda. Vijana wetu nao ndio hao: wanaandikiana ujumbe usio na irabu hata moja, na binti yangu Ayiko, miaka kumi na moja, mpaka juzi alikuwa na maneno matano ya Kiswahili, mawili kati yake yakiwa "Mama, data." Lakini daftari jekundu nimerithi mimi, na kanuni haijabadilika. Simu haziruhusiwi mezani. Tunaanza saa saba.

Jumapili iliyopita nilifumba macho, nikashusha kidole. Doea. Nilicheka peke yangu, nikasoma maana, nikamgeukia Ayiko. Mezani kulikuwa na kuku mzima, sahani sita, na sisi watatu tu: mimi, mume wangu na Ayiko.

Aliangalia viti vitupu, akaangalia geti dirishani.

"Mama," akasema, "hapa kwetu hajawahi kuja mtu kudoea."

Nilitaka kumwambia atunge nyingine. Lakini ilikuwa na neno lenyewe, na ilikuwa ya kweli. Nikamwekea firigisi.