Kosa la Fundi Milimita

Kaka yangu mkubwa ametengeneza meza ambazo watu waliotaka kupigana vita walizizunguka, wakanywa chai, wakaghairi. Yeye hasemi hivyo. Ukimuuliza kazi yake atakujibu, "Mbao," kana kwamba umeshaelewa. Basi nasema mimi mdogo wake, niliyefanya naye kazi karakana moja miaka ishirini na sita nikishona mito ya viti, na ambaye mdomo wangu, familia nzima ni shahidi, hauna breki. Kwa jambo hili tu niliufunga miaka minane, na isingekuwa yeye kuniomba nisingeweza.

Karakana yetu ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mikutano ya kimataifa, kati ya jenereta na stoo ya mazulia. Wenzetu walimpachika jina la Milimita kwa sababu alikuwa akirudisha ubao uliozidi kwa unene wa kucha. Wifi yangu anasimulia kwamba siku alipokwenda kwao mara ya kwanza, hata kabla hajamaliza kusalimia, aliinama chini kuangalia kwa nini stuli ya baba mkwe inayumba. Wakampa mke na stuli aitengeneze. Mtu wa namna hiyo kuishi naye ni kazi, lakini ukimpa kitu akitengeneze unalala usingizi.

Alikuwa na sheria moja tu mezani: kila aliyekaa apate sentimita sabini, zisizidi, zisipungue. "Kiwiko cha waziri na kiwiko cha karani vyote ni viwiko," alisema. Niliwahi kumwona akimkatalia ofisa aliyetaka mgeni wake aongezewe sentimita kumi za heshima. Ofisa alifoka mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye randa yake.

Nilipoanza kazi pale meza zilikuwa ndefu. Nchi moja huku, nchi nyingine kule, bendera mbili, chupa za maji katikati. Kisha dunia ikabadilika, na sisi tuliyaona mabadiliko kupitia karatasi za oda. Kwanza ilikuja benki inayokopesha nchi, ikataka ikae kichwani pa meza kama baba mwenye nyumba. Yakaja makampuni, na wanasheria wengi kuliko mawaziri. Vikaja vyama vya watetezi wa misitu, wa samaki, wa wagonjwa, wanatoka nchi kumi na wanazungumza kama mtu mmoja. Mwisho wakaja wasiokuja kabisa, wanaokaa bara lingine na kuongea kupitia skrini. Nami niliambiwa nishone mto wa kiti cha skrini, ili viti vifanane. Nikaushona. Nimeshonea makalio ya kila taifa, sikujua kwamba siku moja nitamshonea asiye nayo.

"Zamani niliulizwa nchi ngapi," kaka aliniambia siku hiyo. "Siku hizi naulizwa pande ngapi."

Ndipo alipoacha meza ndefu na kuanza kutengeneza za duara. Uso wa meza aliukata vipande vipande, kila mtu na kipande chake, chembamba upande wa ndani na kipana upande wa nje, kama vipande vya chungwa. Kila kipande kilikuwa na tundu la waya wa kipaza sauti na mfuo wa kusimamishia kibao cha jina. Ukivipanga vyote, duara linafunga bila hata kuona palipoungwa. Ofisi ya Itifaki ilileta idadi ya watu, yeye akapiga hesabu ya pembe, akakata. Miaka thelathini ya kazi yake hakuwahi kukosea.

Mwaka ninaousema, msimamizi wa karakana alikuwa anastaafu, na kila mtu alijua nafasi ile ni ya kaka. Aliingoja miaka sita. Hakuitaka kwa sababu ya ofisi, ofisi yenyewe ilivuja. Aliitaka kwa sababu msimamizi ndiye mwenye ruhusa ya kurudisha mbao mbichi zinazoletwa na wazabuni, na mbao mbichi zilimuuma moyoni kama ugonjwa. Sharti lilikuwa moja: faili lisiwe na doa.

Hapo ndipo ulipokuja mkutano wa mto. Nchi mbili jirani zetu zinashiriki mto mmoja. Ya juu ilitaka kujenga bwawa la umeme, ya chini iliogopa kukauka. Kampuni ya kujenga ilitoka ng'ambo, benki ya kukopesha ilitoka ng'ambo nyingine, na umeme wenyewe ungeuzwa kwa nchi ya tatu. Walichagua kukutana kwetu kwa kuwa sisi mto ule hatuunywi. Oda ikaja: meza ya duara, watu ishirini na wanne.

Siku tisa kabla ya mkutano, mchana, mama mmoja aliingia karakana akidhani ni choo. Alikuwa mnene wa mabega, ana begi la plastiki lililojaa makaratasi. Alijitambulisha kuwa mkulima wa mpunga kutoka chini ya mto, mwenyekiti wa umoja wa wakulima, amesafiri siku mbili kwa basi kuja kujiandikisha. Nilimwonyesha choo. Aliporudi alimkuta kaka ametandaza ramani ya ukumbi.

"Baba, hiyo ndiyo meza yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Kaka alifuata majina kwa penseli, taratibu. Kampuni nafasi nne. Benki tatu. Skrini moja. Umoja wa wakulima ulikuwa pembeni kabisa, kwenye viti vya ukutani, umeandikwa waangalizi.

"Mama, wewe uko ukutani."

"Kuna kipaza sauti huko ukutani?"

"Hakuna."

Mama alicheka, lakini si kwa furaha. "Tangu juzi kila ofisa ninayemwona ananiambia ile methali ya tembo wakipigana nyasi ndizo zinazoumia. Wanaipenda kweli. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyasi zinataka nini." Akashika begi lake, akatuaga kwa heshima zote, akaondoka. Kaka aliinamia tena ramani. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu, nikajua tu kwamba amekasirika kwa sababu alinoa penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Siku iliyofuata alianza kukata, na alikataa msaada. Baada ya siku mbili akaniuliza, "Mdogo wangu, kile kitambaa cha bluu kimebaki?"

"Kimebaki."

"Shona mto mmoja wa ziada. Watu humwaga chai."

Nikashona, mjinga mimi.

Asubuhi ya siku ya kuamkia mkutano, Mkuu wa Itifaki, bwana mwembamba asiyecheka hata kwenye harusi, alikuja kupanga vibao vya majina. Alivipanga vyote, na nafasi moja ikabaki. Akahesabu tena. Akamwita kaka.

"Fundi, hizi ni nafasi ishirini na tano."

Kaka alihesabu kwa kidole, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ni kweli, mkuu. Nimekosea."

Karakana nzima tulikuwa pale. Milimita amekosea! Aliyekuwa akimfuata kwa cheo alikohoa, lakini kikohozi chenyewe kilikuwa na furaha.

"Toa kipande kimoja!"

"Nikitoa, duara litabaki na pengo, mkuu. Pembe zilikatwa kwa ishirini na tano."

Mkuu wa Itifaki alishika kichwa. Nafasi tupu yenye kipaza sauti, mbele ya kamera, ina maana moja tu: kuna aliyesusia mkutano. Meza ndefu ya zamani isingefaa, kwa sababu kila upande ungeuliza kwa nini umewekwa safu moja na kampuni. Wakati anazunguka, mwanasheria wa kampuni aliyekuja kukagua ukumbi alisema kwa upole kabisa kwamba wao wako tayari kuichukua nafasi hiyo, wasaidie.

Hapo nilimwona kaka akitokwa na jasho. Hilo hakulipigia hesabu. Amejichafulia jina ili kampuni iwe na watu watano!

Kilichotuokoa ni kwamba hakuna aliyempenda mwenzake. Nchi ya chini ikasema kampuni ikiongezwa wao hawaingii. Nchi ya juu ikasema nchi ya chini ikiongezwa wao wanarudi nyumbani. Benki ilipotajwa, wote walikataa kwa pamoja, mara yao ya kwanza kukubaliana jambo. Ikafika saa kumi, waandishi wa habari wako mlangoni, na Mkuu wa Itifaki akabakiwa na jina moja ambalo hakuna mtu angethubutu kulikataa hadharani. Akatoa kibao, akaandika kwa mkono wake: Wakulima.

Kesho yake nilisikiliza nikiwa nyuma ya pazia la wahudumu wa chai. Asubuhi nzima walizungumza megawati. Mchana mama wa mpunga aligusa kitufe cha kipaza sauti, taa ikawaka, akauliza swali moja. "Lango la bwawa mtalifungua wiki gani?" Wakaanza kupekua makaratasi yao. Akawaambia mche wa mpunga haungoji, una wiki tatu za kunywa, baada ya hapo hata ukiuletea bahari nzima umekufa. Makaratasi yote yale, kilo na kilo, hakuna aliyekuwa ameandika wiki. Mtu wa kwenye skrini aliomba arudie. Akarudia. Siku ya nne kikaongezwa kifungu: wiki tatu za maji, kila mwaka, msimu wa kupanda. Nililia nyuma ya pazia na wala sioni haya kusema.

Nilikuwa nimeshagundua. Kugawa duara kwa ishirini na nne unapata digrii kumi na tano kamili, hesabu ya mtoto. Kwa ishirini na tano ni kumi na nne nukta nne. Hakuna fundi duniani anayekata kumi na nne nukta nne kwa bahati mbaya, mara ishirini na tano.

Barua ya onyo ikaja wiki ile ile: uzembe katika vipimo. Cheo kikaenda kwa yule wa kikohozi, ambaye mbao zake mbili hazijawahi kukutana kwa hiari. Nilimfuata kaka nikiwa nawaka. "Waambie! Waambie ulifanya makusudi, waone wewe ni nani!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Nikisema nilikusudia, wanasheria watasema kile kiti kilipatikana kwa hila. Kiti kikianguka, kifungu kinaanguka nacho." Akachukua kalamu. "Mimi nimekosea, mdogo wangu. Na wewe utasema hivyo hivyo."

Akatia saini ile barua. Niliumia kuliko yeye alivyokubali kuonyesha kwamba ameumia. Miaka minane vijana wapya karakana walionyeshwa mzee aliyewahi kukosea hesabu ya viti, na yeye akawa anacheka nao. Mbao mbichi ziliendelea kuingia, akazipiga randa. Sijaona moyo mkubwa kama ule, na kama upo mahali pengine sijautembelea. Sasa amestaafu, mabunge yote mawili yamepitisha mkataba, na maji yamekwishafunguliwa misimu mitano, ndiyo maana nimepewa ruhusa.

Lakini nimalizie na oda moja zaidi. Miezi saba baada ya onyo, pande zile zile ziliitana tena. Karatasi ilitoka Itifaki, ikapitia kwa msimamizi mpya, ikaletwa kwa kaka na muhuri mwekundu. Aliisoma amesimama, kisha akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akanipa.

Iliandikwa: meza ya duara, watu ishirini na watano. Na chini yake, maneno yaliyopigiwa mstari mzito: fundi azingatie vipimo, asirudie kosa.