Ngumi Ambayo Teryo Hakuirusha

Pambano la ndondi lilipigwa Marekani Jumamosi usiku, ambayo huku Toledo, mji wa pwani upande wa pili wa dunia, ni Jumapili asubuhi. Watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa kikapu, palipotundikwa shuka nyeupe ya kuonyeshea. Kabla ya saa sita mchana mambo yalikuwa yamekwisha. Jomel Tabasa, bondia kijana wa hapo hapo, alikuwa ameshindwa kwa pointi, tena kwa mbali, na mbele ya vipaza sauti akasema bega lilikuwa likimuuma tangu mazoezini.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza.

"Bega!" akafoka Undo kinyozi. "Akishinda, ni ngumi zake. Akishindwa, ni bega. Kwani hilo bega ni la jirani?"

"We Undo ukiumwa jino tu unafunga duka siku tatu," akajibu Dagul, dereva wa pikipiki ya abiria. "Hebu panda ulingoni na bega limeteguka, tukuone."

"Anaumwa? Asipande! Ukishavaa glovu umekubali yote. Mtazameni Kaka Teryo hapa. Alipopigwa na yule mtu wa San Carlos, mlimsikia akitoa sababu? Raundi kumi hakurusha mkono wa kulia hata mara tatu, akapigwa, akanyamaza. Huyo ndiye mwanamume."

"Hakuurusha kwa vile aliogopa!" mtu akadakia kutoka nyuma, na benchi zima likacheka.

Teryo, fundi viatu wa sokoni, alikuwa mwisho wa benchi akila wali uliopikwa ndani ya jani la mnazi. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Kicheko hicho alikuwa amekisikia kwa miaka thelathini na minne, na sifa za Undo alizisikia karibu muda huo huo, na hakujua kipi kilimchoma zaidi.

Ukweli ni kwamba mkono ule ulivunjika raundi ya tatu, kwenye paji la uso la mpinzani wake, Pedoy Antipuesto. Alisikia mfupa ukilia ndani ya glovu. Hakumwambia kocha, maana kocha angesimamisha pambano. Usiku ule mkewe Florita aliikata glovu kwa mkasi wa kushonea, akauona mkono umevimba kama kiazi, akataka kutoka akawaambie watu. Teryo akamzuia. "Nikisema sasa watasema natafuta sababu." Florita akanyamaza naye mpaka alipokufa, mwaka wa tatu sasa. Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo duniani hakuna tena aliyejua.

Labda ndiyo sababu siku ile mdomo ulimponyoka.

"Mkono ulivunjika," akasema. "Raundi ya tatu."

Dagul akapiga makofi. "Haya! Leo kila mtu kavunjika! Mzee, miaka yote hiyo ndiyo umekumbuka?"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Undo hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyeibiwa.

"Hata wewe, Kaka Teryo?" akasema taratibu.

Teryo akajifuta vidole, akaondoka.

Siku tatu hakuzungumza na mtu ila bei ya soli. Jumatano alifunga kibanda, akapanda feri kwenda San Carlos, ng'ambo ya mlango wa bahari. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka. Alitaka kitu kimoja tu: kumuuliza Pedoy kama alijua ule mkono umevunjika. Mtu uliyepigana naye raundi kumi hawezi kukuambia umechelewa kukumbuka.

Nyumba ya Pedoy ilikuwa nyuma ya mashamba ya miwa. Mama mmoja mnene, mwenye nywele nyeupe, alikuwa akianua nguo.

"Namtafuta Pedoy, shemeji. Mimi ni Eleuterio, Teryo wa Toledo."

Mama akaziacha nguo kwenye kamba. "Yule bondia?" Akamvutia kiti. "Umechelewa, shemeji. Tumemzika mwaka juzi."

Teryo alikaa. Akaletewa kahawa. Maneno aliyoyabeba kutoka ng'ambo yakawa hayana pa kwenda, lakini aliuliza hata hivyo.

"Alijua," mjane akasema. "Alisema, yule mtu kila akiinua mkono wa kulia uso unajikunja. Alijua, akaomba Mungu mkono huo usipate nafuu."

"Kwa nini?"

"Jicho lake la kushoto lilikuwa limepasuka kwa ndani wiki moja kabla. Alikuwa haoni upande huo kabisa. Hakumwambia mtu, mimi tu. Raundi zote kumi alingoja ngumi yako ya kulia, hajui itatokea wapi. Aliniambia, ingekuja moja tu, ningelala pale pale." Akatikisa kichwa. "Akikutaja alikuita 'yule mwenzangu'. Nilimwambia aende akakuone. Akasema atakuambia nini."

Teryo alijitazama kiganja, vile vidole viwili visivyonyooka. Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine, na mjane akageuka kuzishughulikia nguo ili asimwone.

Kabla ya feri ya jioni mjane alimpeleka makaburini. Teryo alisimama mbele ya jina lile bila kujua afanye nini na mikono yake, akaishia kuondoa majani makavu moja moja.

Kesho yake Undo alipita kibandani, akasimama mlangoni kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi.

"Jana ulifunga, Kaka. Ulikuwa wapi?"

"Msibani."

"Pole sana. Kafariki nani?"

"Rafiki yangu mmoja. Wa San Carlos."

Undo akafikiri. "Hukuwahi kumtaja."

"Sikuwahi," Teryo akasema, akautumia ule mkono mbovu kushikilia kiatu, na sindano akaitia kwa mkono wa kushoto.