Bi Dakika na Kidonge Kilichochelewa

Mkitaka kumjua mtu anayeijua thamani ya dakika, nitawaonyesha mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa uzi, anayekaa kwenye kibanda cha lango la kiwanda cha kushona sare. Ndiye karani wa muda. Ikitimia saa moja na nusu asubuhi anachora mstari kwenye daftari la mahudhurio, na atakayeingia baada ya hapo huandikwa chini yake kwa wino mwekundu. Wafanyakazi walimpa jina la Bi Dakika, naye akaitikia bila kinyongo.

"Bi Dakika, mbili tu jamani!" fundi wa vifungo humlilia, kijasho kikimtoka. Huyo ndiye bingwa wa kuchelewa pale kiwandani.

"Mbili ndizo zinazoitwa kuchelewa, mwanangu. Zingekuwa siku mbili tungeziita likizo."

Basi mama huyu akapatwa na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa kwenye mionzi, wiki baada ya wiki. Na hapo ndipo alipojua ana watu. Wale wale wa wino mwekundu walimshonea magauni matatu ya kufunguka mbele, maana mkono wake ulikuwa haupandi hata kufika begani. Fundi wa vifungo aliweka vifungo vikubwa, vya kushikika kwa mkono mmoja. Hadi leo ukimtajia magauni hayo, mama wa watu anavua miwani na kuifuta.

Mionzi ilipokwisha, daktari alimpa vidonge. Kimoja kila siku, kwa miaka mitano, vya kuizuia homoni iliyokuwa ikiulisha ugonjwa wake. "Chagua saa inayokufaa," akamwambia, "halafu meza saa hiyo hiyo kila siku."

Kumwambia Bi Dakika maneno hayo ni kumpigia ngoma aliyezaliwa anacheza. Alichagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akanunua daftari jipya, akachora mistari.

Tatizo dawa ile ilimletea joto. Usiku anarusha shuka, anafungua dirisha, analifunga, na usingizi wenyewe unamjia kunakaribia kucha. Siku nyingine anashtuka saa imekwenda, anavaa mbiombio, anakumbuka kidonge akiwa tayari kibandani. Jioni akirudi anafungua droo, anakitazama. "Umechelewa, baba," anakiambia, na droo inafungwa. Kwenye daftari, wino mwekundu.

Alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi. Siku moja wifi akaingia chumbani.

"Wifi, mbona kidonge cha jana kipo?"

"Kilichelewa."

"Kilikwenda wapi hata kikachelewa?"

"Wewe mambo ya muda huyajui. Kwenu hata harusi huanza wageni wakishaondoka."

Wifi akacheka, lakini jambo lile halikumtoka. Siku ya kliniki ilipofika alijifunga khanga akasema anataka kunyoosha miguu, wakaenda wote.

Bi Dakika alimkabidhi muuguzi daftari kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayengoja zawadi. Muuguzi akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mama, hizi nyekundu ni nini?"

"Vilivyochelewa. Hivyo sikuvimeza. Nilifuata maagizo."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akahesabu kimya kimya. Katika miezi minne, siku thelathini na moja.

"Zote hizi hukumeza kabisa?"

Hapo Bi Dakika akaelewa kuna jambo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kovu. "Dada muuguzi, nimejirudishia ugonjwa kwa mikono yangu?"

Muuguzi yule hakumgombeza. Alisogeza kiti akaketi karibu naye, magoti yakigusana. "Sikiliza, mama. Dawa yako hii hukaa mwilini muda mrefu, haitoki kama mvuke wa chai. Ukichelewa kwa saa mbili, hata tano, na hujavuka siku hiyo, kimeze. Ukikumbuka kesho yake, achana na cha jana, meza cha siku hiyo, usimeze viwili. Hujasikia kawia ufike?"

"Msemo huo langoni kwangu nimeupiga marufuku."

Wifi akaangua kicheko, na muuguzi naye, na mwenye msiba akajikuta anacheka huku machozi yanamdondoka.

"Ile saa tulikupa ikusaidie kukumbuka," muuguzi akasema. "Hatukukueleza vizuri. Kosa hilo na sisi tunalibeba."

Akaitwa daktari. Yeye hakuficha: kuruka vidonge vingi namna ile si jambo dogo. Akaagiza vipimo na picha, akasema hawezi kuahidi kitu kabla ya majibu. Akauliza pia habari za usiku, na Bi Dakika akaeleza lile joto. "Mbona hukusema?" "Nilidhani hilo ni fungu langu." Daktari akamwambia zipo njia za kulipunguza, akamshauri ahamishie dawa jioni, saa moja, baada ya chakula, wakati yupo nyumbani na pirika zimetulia.

Wiki mbili za kungoja majibu zilikuwa ndefu kuliko ile miezi minne. Kidonge cha jioni hakukikosa hata siku moja, ila mawazo yalimla. Asubuhi moja fundi wa vifungo alichelewa dakika kumi, akaandikwa bila neno. Akasimama, hajui aende au abaki.

"Bi Dakika, nitukane basi. Ukinyamaza naogopa."

Mama akamweleza yote. Kijana aliegemea dirisha la kibanda kitambo kizima, dakika zake zikizidi kuharibika, na mama hakumfukuza.

Siku ya majibu alikwenda peke yake. Wifi alibaki kupika. Foleni ilikuwa ndefu, usafiri wa kurudi ukawa wa shida, na alipogonga mlango ilikuwa saa tatu kasoro robo usiku. Wifi alifungua, mwiko mkononi, hata salamu hakuikumbuka.

"Wanasemaje?"

"Hawakuona kitu. Niendelee na dawa, nirudi baada ya miezi sita."

Mwiko ulianguka. Walishikana palepale mlangoni, wanawake wawili wazima, wakilia kama waliofiwa, hadi jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Wakamwambia ni heri.

Walipotulia, Bi Dakika akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika tano. Akaenda kwenye droo. Wifi akamfuata na kikombe cha maji, ametayarisha na hoja zake, lakini hazikuhitajika. Kidonge kilikuwa kimeshafika ulimini.

Alikunywa maji yote, akakishika kikombe kitupu kifuani.

"Asante, wifi."

"Asante ya nini? Maji ya bomba hayo."

"Ya siku ile uliyosema unanyoosha miguu."

Wifi akageuka upesi, akasema wali unaungua.