Mkono wa Maalim Tahiri

Anjela wa Muheza mnamjua, yule mama wa mishumaa ya kanisani. Basi tangu juzijuzi kajifunza mwenyewe kuchonga wasomi kwa nta: sura inainuka juu ya ubao, kama ile ya kwenye sarafu. Nta anainunua kwa warina asali wa milima ya Amani, anaichanganya na ulimbo isilegee kwa joto, kisha anachonga kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa jiweni.

Mwalimu Badru wa shule moja ya Pangani alimwagiza wasomi watano wa pwani yetu, watundikwe maktaba. Wanne wakakamilika. Wa tano alikuwa marehemu Maalim Tahiri, na ni kwa ajili yake hasa Anjela aliikubali kazi. Baba yake, mkata mkonge, alifundishwa kusoma na Maalim huyo akiwa mtu mzima na ndevu zake, bure kabisa.

Alimchonga kwa kumbukumbu za utotoni. Akaifunika picha kitambaa chenye maji, akavuka nayo kivuko hadi Bweni, ng'ambo ya mto, kwa mjane wa Maalim, Bi Hafsa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tumwone." Bi Hafsa akafunua, akafunika upesi. "Loo! Huyu mrudishe ulikomtoa."

"Hafanani?"

"Kafanana mno, ndiyo taabu yenyewe! Maalim hakutaka sura yake ukutani, hata ya harusi. Kapiga ya pasipoti ya Hija tu, na hiyo kainung'unikia mwaka mzima."

Anjela akampigia simu Mwalimu Badru.

"Basi mwache," alisema Badru. "Uzinduzi Jumamosi. Wanne wanatosha."

"Hawatoshi, mwalimu."

Akakata simu. Akaomba kisu, akakaa mkekani, na mbele ya macho ya Bi Hafsa akaukwangua ule uso wote, pua, ndevu, kilemba, mpaka nta ikawa tambarare.

"Uso umekwisha, bibi. Sasa niambie, ukimkumbuka unaona nini?"

Bi Hafsa akacheka. "Kidole! Kile cha mwisho, kimepinda kama ndoana. Mwanafunzi akikosea, kinagonga ubao: ko, ko! Hata mimi nikizidisha chumvi, kinagonga sinia."

"Mkono je, angeukataa?"

"Mkono wake hakumnyima mtu." Akapaza sauti uani. "Miraji! Njoo na mkono wa baba'ko!"

Miraji, mwanawe aliyeurithi mkono huo, fundi wa mashine za boti, akatokea. "Mama, nina grisi mpaka kwenye kiwiko."

"Kanawe."

Siku mbili Miraji alikaa mbele ya Anjela ameshika kalamu ya mwanzi, analalamika. "Hata barua ya posa sikuishikia kalamu hivi."

"Ndiyo maana ulikataliwa mara ya kwanza," mama yake akamjibu, halafu akamgeukia Anjela. "Hicho kidole kipinde zaidi. Zaidi, mwanangu. Hapohapo!"

Jumamosi ukutani zilikuwa nyuso nne, na katikati mkono. Wageni walipita wakisoma majina. Mzee mmoja wa Pangani, fimbo mkononi, hakusoma jina. Alisimama mbele ya kile kidole, akaanza chinichini herufi za chuoni: alifu, be, te, the. Akaruka herufi moja. Akashtuka, akaweka fimbo chini, akaanza upya.

Anjela alisimama nyuma yake mpaka akamaliza.