Jua Juu ya Karatasi

Baba alikuwa na lunete, darubini ndogo ya wapimaji wa ardhi. Zamani, huko Kilo, aliwabebea wapimaji wa mgodi vyombo vyao, na lunete hiyo ilipovunjika miguu walimwachia. Katika mgodi huohuo kipande cha jiwe kilimharibia jicho la kushoto. La kuume alilitunza kama yai.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Ngezi, alasiri, risasi zikinyamaza, tuliifunga lunete juu ya kiti kwa kamba ya mpira na kuielekeza kwenye jua. Hatukuchungulia. Nilishika karatasi nyuma yake, na jua likaangukia pale, duara jeupe kama mdomo wa kikombe, likitetemeka kidogo. Ndani yake mlikuwa na madoa meusi. Niliyachora kwa krayo, penseli yangu ya shule, polepole, maana mkono wangu ni mzito. Shule niliiacha mwaka wa sita wa primeri, vita vilipoifunga.

“Weye weka karatasi, usiweke jicho,” baba alisema kila mara, kana kwamba nimesahau.

Jirani yetu alipenda kuegemea ua na kumtania. “Papa ya lunete, jua inasema nini leo? Bei ya mafuta itashuka?” Baba alimjibu kwamba jua halijafika sokoni bado. Mimi niliendelea kuchora. Hata kabla ya vita sikuwa mtu wa maneno.

Chakula kilipoisha, mama aliondoka na wanawake wa mtaa kwenda kuvuna maharagwe yetu upande wa Kilo. Baba alimkataza, lakini hakuwa na kitu kingine cha kumpa apike. Mlangoni mama aliniambia, “Dimanshi niko hapa.”

Jumapili hiyo ilipita bila yeye. Siku iliyofuata moshi uliinuka upande wa Kilo, ukatanda mpaka juu ya mji. Niliweka karatasi kama kawaida. Jua likaja juu yake hafifu, rangi ya kahawia, bila doa lolote. Jirani alikuja kwenye ua, safari hii bila mzaha, akasema vijiji vinaungua na watu wanaokimbia wanapita kilimani. Baba akaniambia niondoe karatasi, akainamisha lunete kuelekea kilima kile. Jua lilikuwa linashuka palepale, jekundu kama nyanya. Tuliweza kulitazama kwa macho matupu, na sote wawili tulidhani moshi umelimaliza nguvu.

Aliweka jicho la kuume kwenye lunete, akaisogeza taratibu kando ya kilima, akitafuta wanawake wenye mizigo. Jua liliingia ndani ya lunete, naye hakuondoa jicho. Akaipitisha tena. Nilisimama na karatasi mkononi. Sikuona hatari yoyote. Niliwaza tu kwamba leo sina cha kuchora.

Asubuhi alinyoosha mkono achukue gobeleti ya maji, akashika hewa. Nilimwekea mkononi.

“Kile naangalia, ndicho hakiko,” alisema. “Kando yake naona vizuri.”

Nilimwambia anywe maji. Alikaa mlangoni siku ile, na nyingine, na nyingine.

Mama alirudi kwa njia nyingine, si ile ya kilimani. Wengi walioondoka naye hawakuwa naye. Hakuwa na maharagwe, wala kitenge cha kubebea. Baba alisikia sauti yake uani, akainua uso, kisha akaugeuza pembeni, kama kuku anayetazama punje.

Mama alicheka kidogo, kwa uchovu. “Unaniangalia aje hivi? Miye mugeni?”

“Songea kidogo huku,” baba alisema. “Hapo. Usitoke hapo.”

Mama alibaki amesimama, vumbi mpaka magotini, huku baba akisogeza kichwa polepole, huku na huku, akimtafuta uso. Mimi niliingia ndani, nikafungua kamba na kuitoa lunete kwenye kiti, ili mama apate pa kukaa.